Kinyama kilisema 6, upasuaji ukasema 7: nani alimdanganya baba?

Shikamoo Daktari.

Nina karatasi mbili ambazo nimezisoma mpaka zimeanza kuchanika kwenye mikunjo. Ya kwanza ni ya mwaka jana, majibu ya kinyama cha tezi dume ya baba yangu. Inasema zilichukuliwa sampuli 12 kwa sindano, 2 zikakutwa na saratani, zote mbili za upande wa nyuma kushoto, alama ya Gleason, ile ya ukali wa saratani, 3+3=6. Ya pili ina wiki tatu tu, imetoka baada ya tezi yote kuondolewa. Hiyo inasema 4+3=7, kundi la 3. Uvimbe mkubwa uko mbele, una sentimita 1.9, na umetoka kidogo nje ya tezi. Kuna mwingine mdogo nyuma kushoto, 3+3. Kingo za upasuaji hazina saratani. Vifuko vya manii ni salama. Tezi za limfu 9 zilipimwa, hakuna hata moja yenye saratani.

Baba ana miaka 66, ni mwalimu mstaafu. Majibu ya kwanza yalipotoka tuliambiwa hiyo ni saratani ya polepole, haina haja ya kukimbilia kisu, atafuatiliwa kwa kipimo cha damu cha PSA, protini inayotengenezwa na tezi dume. Yeye alitaka itolewe palepale. Mimi ndiye niliyemshawishi asubiri. Nilisoma sana, nikamweleza madhara ya upasuaji, na yale ambayo binti hawezi kumtajia baba yake nikampa kaka amwambie. Baba akakubali kwa sababu ananiamini mimi. Mwaka haujaisha vizuri, PSA ikapanda kutoka 7.1 hadi 10.4, ndipo wakaamua kumfanyia upasuaji.

Sasa nyumba haina amani. Kaka, ambaye ana miaka 43, anasema maabara ya kwanza walimdanganya mzee na anataka kwenda kuwashitaki. Mama hasemi kitu. Baba alizichukua karatasi zote mbili, akavaa miwani, akazisoma moja baada ya nyingine kama anayesahihisha mitihani, kisha akazirudisha kwenye bahasha. Ameambiwa arudi kupima PSA wiki ya sita hadi ya nane baada ya upasuaji. Anasema hatoi damu tena. "Karatasi zao wenyewe zinapingana," ananiambia, "ya tatu itanisaidia nini?"

Naomba uniambie ukweli. Je, mpimaji wa kwanza alikosea? Au saratani ilibadilika ndani ya ule mwaka niliomwambia asubiri? Na tuamini karatasi ipi?

Binti wa Mwalimu

---

Marahaba, binti yangu. Poleni sana, na mzee apate nafuu.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo litakalowaongoza kuanzia leo. Aminini karatasi ya pili. Hiyo ndiyo itakayotumika kupanga matibabu yake. Lakini kabla hujamwambia kaka yako kwamba basi ya kwanza ilikuwa ya uongo, rudi usome tena barua yako mwenyewe. Sampuli mbili zilizokuwa na saratani zilitoka nyuma kushoto, 3+3. Na karatasi ya upasuaji inasema nini kuhusu nyuma kushoto? Inasema kuna uvimbe mdogo, 3+3. Ni uvimbe uleule, mahali palepale, na alama ileile. Mpimaji wa kwanza aliona kilichokuwepo na akakiandika kama kilivyo. Ule mkubwa wa mbele hakuandika habari zake kwa kuwa hakuletewa.

Mimi ni daktari wa patholojia, kazi yangu ni hadubini, na karatasi za aina zote mbili nimeziandika miaka mingi. Naomba nikuonyeshe zinavyozaliwa, kwa sababu naamini mzee akiliona hili, hasira yake itapungua.

Kinyama cha sindano kinanifikia ndani ya vichupa vyenye formalini, dawa ya kuhifadhi. Ukikiinua kichupa kwenye mwanga unaona uzi mweupe unaoelea, mwembamba wa milimita moja hivi, na urefu wa sentimita moja na nusu ukiwa na bahati. Wakati mwingine umekatika vipande vitatu. Nyuzi 12 za namna hiyo ukizikusanya zote hazijai hata ncha ya kijiko cha chai. Kwa tezi yenye ujazo wa mililita 40, nyuzi zote 12 kwa pamoja hazifiki asilimia 1 ya tezi hiyo. Huo ndio msingi wa majibu ya kwanza mliyopewa. Kila kitu kilichobaki ndani ya baba yako siku ile hakuna aliyekiona.

Tezi yote inapoletwa baada ya upasuaji, kazi ni nyingine kabisa. Naipima uzito. Naipaka wino kwa nje, kulia rangi moja na kushoto nyingine, ili baadaye nikiona chembe za saratani zimegusa wino nijue kisu kilipita katikati yake na upande gani. Kisha naikata kutoka chini hadi juu vipande vyembamba vya milimita 3 hadi 5, navipanga kwa mfuatano, vinagandishwa ndani ya nta, vinachanwa vyembamba kuliko karatasi na kutiwa rangi ya waridi na zambarau. Vioo vinaweza kufika makumi. Hapo ndipo unapokutana na uvimbe ambao sindano 12 zilipita kando yake.

Na zilipita kando kwa sababu inayoeleweka. Mara nyingi sindano hupitia njia ya haja kubwa, kwa hiyo hukutana kwanza na sehemu ya nyuma ya tezi, ambako saratani nyingi hukaa. Sehemu ya mbele iko mbali, sindano huishia njiani. Saratani ya tezi dume nayo ina tabia ya kuota sehemu zaidi ya moja katika tezi moja, na vivimbe hivyo si lazima vifanane ukali. Baba yako alikuwa navyo viwili. Uliopigwa sindano ni ule mpole.

Nyumba yenu haiko peke yake. Mwaka 2012 ulichapishwa uchunguzi kutoka Johns Hopkins, Marekani, uliowapitia wanaume 7,643 waliotolewa tezi. Kati ya wale ambao sindano iliwapa alama 6 au chini ya hapo, asilimia 36 walikutwa na alama ya juu zaidi tezi ilipochunguzwa yote. Zaidi ya mmoja katika kila watatu. Waliopanda zaidi walikuwa wenye umri mkubwa zaidi, wenye PSA ya juu, wenye saratani nyingi ndani ya uzi mmoja wa kinyama, na wale ambao tezi zao zilikuwa ndogo. Hilo la mwisho huwashangaza watu, lakini lina mantiki: tezi kubwa hutoa PSA nyingi yenyewe bila ubaya wowote, ila tezi ndogo ikitoa PSA nyingi kuna kitu kingine kinachoitoa.

Wapo pia wanaoshuka. Mtu anaambiwa 8 kwenye kinyama, baada ya upasuaji anaambiwa 7, naye analia kwamba amekatwa bure. Kwa sehemu hiyo inatokana na kanuni zetu za kuhesabu, na nadhani madaktari tungewaeleza wagonjwa kanuni hizi mapema tungewaepusha na ugomvi mwingi.

Alama hii ilianzishwa na daktari wa patholojia wa Marekani, Donald Gleason, mwaka 1966. Aliangalia jinsi saratani inavyojipanga chini ya hadubini, akaigawa katika sura tano. Sura ya 3 ni vijitezi vya mviringo, vidogo, kila kimoja kimesimama peke yake. Sura ya 4, vijitezi vimeungana, vimeharibika umbo, au vimetoboka matundu matundu kama chujio. Sura ya 5 hakuna tena kijitezi, ni chembe zimetawanyika moja moja au zimejazana bila mpango. Sura ya 1 na ya 2 siku hizi karibu hatuziandiki. Ndiyo maana alama ya chini kabisa anayopewa mgonjwa ni 6, na mgonjwa akisikia 6 kati ya 10 anadhani amekwisha kuvuka nusu ya njia. Kuondoa mkanganyiko huo, mwaka 2014 wapatholojia wa kimataifa walikubaliana kutumia makundi matano: 3+3 ni kundi la 1, 3+4 la 2, 4+3 la 3, alama 8 ni la 4, na 9 hadi 10 ni la 5. Angalia 3+4 na 4+3: jumla ni ileile 7 lakini ya baba yako, inayoanza na 4, ina sura kali nyingi kuliko pole, ndiyo maana iko kundi la 3.

Sasa kanuni yenyewe. Kwenye kinyama cha sindano tunajumlisha sura iliyozidi na sura mbaya kuliko zote, hata ikiwa ni chembe chache, kwa sababu tunajua tumeona kidogo na hatutaki kupuuza dalili. Kwenye tezi nzima tunajumlisha sura mbili zilizotawala uvimbe, na ile mbaya sana ikiwa chini ya asilimia 5 tunaitaja pembeni. Kwa hiyo uvimbe uleule, ukisomwa kihalali kabisa, unaweza kupata namba mbili.

Kuna na udhaifu wa macho yetu, siufichi. Mpaka kati ya sura ya 3 na ya 4 si ukuta. Kijitezi cha sura ya 3 kikikatwa kimshazari kinaweza kuonekana kimeharibika kama cha 4, na wapatholojia wawili wazuri wakatofautiana juu ya kioo kimoja. Nimewahi kukirudia kioo changu mwenyewe asubuhi ya pili nikabadili maoni. Kama bado mna shaka, mna njia: vile vipande vya nta na vioo huhifadhiwa, na mgonjwa ana haki ya kuomba visomwe upya na mpatholojia mwingine, ikiwezekana mwenye kuzisoma tezi dume kila siku. Mwambie kaka yako aanzie hapo kabla hajazungumza habari za kushitaki. Ila kwa jinsi karatasi zenu mbili zinavyoafikiana kuhusu nyuma kushoto, sitarajii ile ya kwanza ibadilike.

Swali ambalo ningependa kaka yako aliulize ni lingine. Hujaniambia kama baba alipigwa picha ya MRI ya tezi dume kabla ya kuchukuliwa kinyama, au mara baada ya kukubali kusubiri. MRI huona sehemu ya mbele vizuri kuliko kidole cha daktari, na mahali ilipoona kivuli ndipo sindano inapolengwa. Tena anayefuatiliwa hafuatiliwi kwa PSA peke yake. Kwa kawaida huchukuliwa kinyama tena, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza, kuhakikisha ile ya kwanza haikuruka kitu. Kama alifanyiwa hayo, basi mlihudumiwa sawasawa na uvimbe ukajificha tu. Kama hakufanyiwa, muulizeni daktari wake kwa adabu kwa nini, na mna haki ya kupewa jibu.

Nije kwako sasa, kwa sababu naona barua yote imeandikwa na mtu anayejihukumu.

Je, saratani ilibadilika ndani ya mwaka wako? Sura ya 3 kugeuka kuwa ya 4 inawezekana, lakini pale mtu anapokutwa na alama ya juu muda mfupi baada ya ile ya kwanza, mara nyingi maelezo ni kwamba kali ilikuwepo tangu mwanzo na sindano haikuigusa. Kwa baba yako ushahidi uko wazi zaidi. Ule mpole wa nyuma kushoto haukugeuka, umebaki 3+3 mpaka siku ya upasuaji. Na uvimbe wa karibu sentimita 2 kule mbele, kwa mwendo wa saratani hii, kwa kawaida hauanzi na kufikia ukubwa huo ndani ya mwaka mmoja. Ulikuwepo siku uliyomwambia asubiri. Je, mwaka huo uliuongezea chochote, labda ile hatua ndogo ya kutoka nje ya tezi? Hakuna hadubini inayoweza kusoma tarehe, kwa hiyo sitakuapia kwamba haikuongezeka hata kidogo.

Ninachoweza kukuapia ni kwamba ushauri uliompa, kwa karatasi uliyokuwa nayo mkononi, ulikuwa ushauri mzuri. Kule Uingereza wanaume 1,643 wenye saratani iliyokuwa bado ndani ya tezi waligawanywa makundi matatu: wengine upasuaji, wengine mionzi, wengine kufuatiliwa. Baada ya miaka 15, matokeo yalipotolewa mwaka 2023, waliokufa kwa saratani hiyo hawakufika 3 katika kila 100, na makundi yote matatu yalikaribiana. Saratani kusambaa ilionekana zaidi kwa waliofuatiliwa, 9 hivi katika 100 dhidi ya 5 hivi kwa wengine, kwa hiyo si kwamba kusubiri hakuna gharama. Lakini binti aliyesoma, akauliza, akapima madhara, akamshauri baba yake mwenye 3+3 asubiri, hakufanya uzembe. Alikosa habari ambayo hata daktari hakuwa nayo.

Turudi kwa mzee. Yeye ameisoma namba moja tu ya karatasi ya pili, 7, nayo imemziba macho asisome mistari mingine. Mkalishe umsomee. Kingo hazina saratani, maana yake wino nilioueleza haukuguswa na kilichoonekana kimetolewa chote. Vifuko vya manii salama. Tezi za limfu 9, zote safi. Mstari unaonitia wasiwasi kidogo ni ule wa uvimbe kutoka nje ya tezi, pamoja na kundi la 3 lenyewe. Hayo mawili yanaongeza uwezekano wa saratani kurudi, wala sitaki mumfiche. Ukiniuliza mimi ningependa kuwa na karatasi ipi kati ya 3+4 yenye kingo zilizoguswa na limfu zenye saratani, na hii ya baba yako, ningechukua ya baba yako bila kusita.

Pia muombeni mpatholojia athibitishe jambo moja kama halijaandikwa: kwenye ile sura ya 4, kuna yenye matundu ya chujio, au saratani iliyoingia ndani ya mirija ya tezi? Hizo mbili hubeba uzito wake hata namba ikiwa ileile.

Na hiyo damu anayoikataa. Kinyama na tezi vilimpa karatasi mbili kwa sababu vilitazama vitu viwili, uzi na tezi nzima. PSA ya sasa haitazami hata kimojawapo. PSA hutengenezwa na tezi dume, na yeye hana tena tezi dume. Iliyokuwa kwenye damu hupungua nusu kila siku mbili tatu, kwa hiyo baada ya wiki sita inatakiwa iwe imeisha, chini ya 0.1. Ikiwa hivyo, ni habari njema kuliko namba yoyote iliyoandikwa kwenye karatasi hizo mbili. Ikibaki juu, au ikashuka halafu ikapanda hadi 0.2 na kurudia hivyo kwenye kipimo cha pili, kuna chembe zimebaki mahali, na mionzi ikianza mapema bado inaweza kuzimaliza. Zamani mgonjwa wa namna yake angepelekwa kwenye mionzi moja kwa moja kwa tahadhari. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba kwa wengi, kuiangalia PSA kwa karibu na kupiga mionzi mara inapoanza kupanda hakuleti matokeo mabaya kuliko kumpiga kila mtu mionzi tangu mwanzo, na wengi wanaepuka kabisa madhara yake kwenye kibofu. Lakini mpango huo unasimama juu ya damu. Asipopima, anaukosa.

Mzee ni mwalimu, kwa hiyo mweleze kwa lugha ya kazi yake. Mwaka jana mtu alifungua daftari lake kurasa chache akasahihisha alichokiona, na alisahihisha sawa. Sasa daftari lote limesomwa. Hii ya tatu haisahihishi daftari hilo tena, inauliza tu kama kuna ukurasa uliobaki. Nenda naye, keti naye kwenye benchi, karatasi zote mbili ziwe ndani ya bahasha moja. Na umhesabie wiki kuanzia siku ya upasuaji, si siku ya majibu, watu wengi huchanganya hapo.

Halafu mchukue na kaka yako. Mwanaume ambaye baba yake amepata saratani hii, hatari yake ni kama mara mbili ya wengine, na kwa miaka 43 ameshafika umri wa kukaa na daktari na kuzungumza kuhusu kipimo chake cha kwanza cha PSA. Siku hiyo anaweza kutoa damu akiwa amekaa jirani na baba yake.